Mgeni wa Mwavuli: Rubani Aliyeangukia kwa Adui na Mwenyeji Aliyemficha

Kaskazi ilikuwa inavuma, nasi tumo mtumbwini katika mkondo wa Mkanda, ule unaokitenga kisiwa cha Manda na bara. Ami yangu amekata mikoko tangu ujana wake, enzi ambazo boriti za Lamu bado zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Tukingoja maji yajae, nikaanza kumsimulia kisa cha wanahewa wawili wa Kiingereza waliopotea katika mikoko ya Rufiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sikufika mbali, akanikatiza.

"Mwezi ulikuwa wa ngapi?"

"Januari, ami. Mwaka 1917, kuanzia tarehe 6."

"Sikuulizi huo wa kalenda, mwanangu. Nakuuliza wa juu."

Sikuwa na jibu, nikaendelea na kisa. Rubani aliitwa Edwin Rowland Moon. Mwenzake alikuwa ofisa wa jeshi la majini, Richard Bridgeman. Walikuwa wakipeleleza kwa ndege ya majini juu ya delta ya Rufiji, injini ikawasumbua, wakalazimika kutua katika mkono mmoja wa maji, mikoko kila upande. Waliiharibu ndege yao ili Wajerumani wasiipate. Siku tatu walihangaika humo wakitafuta njia ya kufika baharini, wakiogelea kutoka mkondo hadi mkondo, karibu bila chakula wala maji ya kunywa. Mwishowe waliunga chelezo. Usiku maji yakawachukua mpaka bahari kuu. Bridgeman akafa kwa uchovu na baridi. Moon akasukumwa tena hadi pwani, akakamatwa.

"Hawakuyuwa mai," ami alisema kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, yaani hawakujua maji. Akapiga pondo mara mbili tatu, kisha akaongeza: "Na hawakuwa na mtu."

Niliporudi mjini nililitafuta jibu la swali lake. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 8 Januari 1917, katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Kwa mtu wa bahari hilo linatosha. Siku hizo ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo ya ndani ya mikoko huvuta kwa nguvu isiyolinganishwa na siku za maji mafu. Chelezo cha vijiti kwenye maji ya namna hiyo hakina nahodha.

Lakini neno lililonikaa zaidi ni lile la pili. Visa vya rubani aliyeangukia nchi ya adui husimuliwa kama visa vya mtu mmoja shujaa, yeye na kisu chake na pori. Nimevisoma vingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba wengi wa waliofika kwao hawakufika wenyewe. Walifikishwa. Na mzigo mzito wa safari ile haukubebwa na mwenye mabawa kifuani, ulibebwa na mwenye nyumba.

Tufumbue maneno kwanza, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Askari anayeangukia upande wa adui anaweza kuwa mmoja kati ya watu watatu. Akikamatwa, ni mateka wa vita. Akikamatwa kisha akaponyoka, ni mtoro. Asipokamatwa kabisa, akajificha na kutembea mpaka akafika kwao, huyo ni mkwepaji. Mtoro na mkwepaji wanaweza kulala zizi moja, kuvaa nguo za aina moja na kula mkate mmoja, lakini mbele ya sheria si kitu kimoja.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Fumo Liyongo alikuwa mateka, kisha akawa mtoro. Alipofungwa, mama yake alimpelekea mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada, na ndani ya mkate mlikuwa na tupa. Walinzi walijitwalia vyakula vizuri, wakamwachia mfungwa ule wa makapi. Kisha ngoma ya gungu ikapigwa, matwazi na pembe zikalia, na ndani ya kelele zile yeye akakata pingu zake. Kila kipengele cha kisa hicho kilirudiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Desemba 1939 Uingereza iliunda idara ya siri iliyoitwa MI9, kazi yake ikiwa kuwafundisha askari kukwepa na kutoroka na kuwapelekea vifaa. Ramani na fedha zilifichwa ndani ya mbao za michezo, zikapelekwa kambini kwa majina ya vyama vya hisani ambavyo havikuwapo. Dira ndogo zilitiwa ndani ya vifungo vya koti, na kifungo kilifunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na desturi, ili mlinzi akijaribu kukifungua azidi kukikaza. Huo ndio mkate wa wishwa: kukificha kitu pale ambapo tabia ya mlinzi yenyewe itamzuia asikione.

Baada ya kutoroka, Liyongo aliishi msituni na watu wa msituni, akilindwa nao. Aliyemuua hakuwa mlinzi wala askari. Alikuwa mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba. Nitarudi kwenye sindano hiyo.

Sasa sheria. Watu wengi huamini kwamba mwanahewa akivua sare na kuvaa nguo za kiraia amekuwa jasusi, na jasusi hupigwa risasi. Si hivyo. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinamtaja jasusi kuwa ni mtu anayejificha au kujifanya mwingine kwa lengo la kukusanya habari. Anayejifanya mwingine kwa lengo la kurudi kwao hakusanyi kitu. Ndiyo maana wanahewa waliambiwa wasiitupe kamwe ile sahani ya utambulisho ya shingoni, hata wakivaa nguo za mkulima: ndiyo iliyothibitisha kwamba ni askari. Mtoro naye alilindwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulisema mateka aliyetoroka akakamatwa tena apewe adhabu ya nidhamu tu, isiyozidi siku 30, na ule wa mwaka 1949 ukaendeleza hivyo hivyo.

Sheria hiyo ilivunjwa, tena vibaya. Machi 1944 mateka 76 walitoroka kambi ya wanahewa ya Stalag Luft III kupitia handaki, 73 wakakamatwa tena, na 50 kati yao wakauawa. Mwaka huohuo wanahewa 168, ambao wengi wao walinaswa wakiwa mafichoni Ufaransa, walipelekwa kambi ya mateso ya Buchenwald badala ya kambi ya mateka. Hata hivyo, kwa jumla, mwanahewa aliyenyosha mikono alikuwa na matumaini ya kuishi. Nitaonyesha baadaye nani hakuwa nayo.

Kuna fundo jingine la sheria ambalo halijulikani sana. Mkataba wa Hague kuhusu nchi zisizo vitani unasema askari wanaoingia nchi kama hizo wazuiliwe huko mpaka vita viishe. Lakini mateka aliyetoroka akaingia nchi hiyo ni lazima aachwe huru. Fikiri maana yake kwa rubani aliyefika Hispania baada ya miezi ya kujificha. Akisema kweli, kwamba hajawahi kukamatwa, anazuiliwa. Akisema alikamatwa akatoroka, anaachiwa. Basi wanahewa walifundishwa kusema ni watoro. Mtu anayefikia mwisho wa safari ya hatari anaokolewa na neno moja.

Turudi chini, pale mwavuli unapogusa ardhi. Saa chache za kwanza ndizo zinazoamua mengi. Parachuti ikifunguka juu, wanaoiona ni wengi, na wote wanajua itashukia wapi. Kwa hiyo amri ya kwanza ni kuizika au kuificha, na ya pili ni kuondoka hapo hata kama mguu umeteguka. Mahali pa kujificha pasiwe pale ambapo hata wewe ungepatafuta kwanza: si mti mkubwa wa pekee, si banda lililo peke yake shambani. Kichaka kidogo kisicho na sura, ndani ya vichaka vingine, mbali na njia na mbali na maji, ndicho kinachofaa. Mbali na maji, kwa sababu kila mtu huenda majini. Kutembea ni usiku. Miguu itunzwe kuliko tumbo, kwani mwenye njaa hutembea lakini mwenye malengelenge yaliyooza hatembei.

Mfukoni mlikuwa na pakiti ndogo: vidonge vya maziwa, vidonge vya kusafishia maji, vya kuondoa usingizi, dira, fedha za nchi husika, na ramani iliyochapishwa juu ya hariri. Hariri ilichaguliwa kwa sababu haichakarishi mtu anapopekuliwa, haipasuki ikilowa, na inakunjwa ikaingia ndani ya kisigino. Wengi walibeba pia picha zao ndogo wakiwa wamevaa nguo za kiraia, tayari kwa vitambulisho vya kughushi. Hapo utaona kwamba waliowaandaa walijua tangu mwanzo: kitambulisho cha kughushi hakijitengenezi. Kuna mtu, mahali fulani, atakayeipokea ile picha.

Na huyo mtu atakuwa na kazi ngumu kuliko kughushi. Nielezee kwa mfano wa hapa kwetu. Mchukue mgeni kutoka nchi ya mbali, mvalishe kanzu na kofia ya vito, mpake rangi ukitaka, umpitishe kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, saa ya alasiri. Watoto watamjua kabla hajafika Mkunguni. Atapita mbele ya baraza bila kutoa salamu. Atasimama katikati ya njia punda anapokuja, badala ya kujibana ukutani. Atainua macho kutazama mlango wa nakshi ambao mwenyeji ameshaacha kuuona. Mwili una lugha yake, na lugha hiyo haivuliwi kama sare.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana wa Kimarekani na Kiingereza katika mitaa ya Brussels na Paris. Wamarekani walishika uma kwa mkono wa kulia baada ya kukata nyama, wakachezesha sarafu mfukoni, wakatafuna ubani wa mpira, wakaegemea kuta. Waingereza walivuka barabara wakitazama upande usiofaa. Wenyeji, wengi wao wanawake na wasichana, walikaa nao jikoni wakiwafundisha upya jinsi ya kula, kuvuta sigara na kutembea. Asiyejua Kifaransa alipewa karatasi zinazosema ni bubu na kiziwi, na akaonywa asigutuke mtu akimwita kwa nyuma.

Nyumba moja ilimpokeza nyingine, mji ukaupokeza mji, mpaka zikaundwa njia kamili za siri. Iliyonigusa mimi zaidi ni ile iliyoitwa Comet. Aliyeianzisha alikuwa Andrée de Jongh wa Ubelgiji, binti wa mwalimu mkuu. Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 24, alitokea kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Bilbao, Hispania, pamoja na askari mmoja wa Kiskoti na Wabelgiji wawili. Alikuwa amewatoa Ubelgiji, wakaikata Ufaransa yote, wakavuka milima ya Pyrenees kwa miguu. Waingereza hawakumwamini mwanzoni. Alichoomba kilikuwa gharama za kuwalisha na kuwasafirisha watu atakaoendelea kuwaleta, na uongozi wa njia ukabaki mikononi mwake na wenzake.

Milimani aliwategemea watu wa Basque, hasa Florentino Goikoetxea, aliyekuwa akiishi kwa magendo. Sisi tunaoishi karibu na mpaka tunajua mtu wa njia za panya ana elimu gani: anajua jiwe lipi litateleza usiku wa mvua, mbwa wa nani hubweka, doria hupita saa ngapi. Elimu iliyokuwa ikipitisha bidhaa sasa ikapitisha watu. Mto Bidasoa, unaotenganisha Ufaransa na Hispania, ulivukwa gizani, na ulipofurika ulikuwa hatari kama mlango wowote wa bahari. Desemba 1943 watu wawili walizama humo, mwanahewa mmoja wa Kimarekani na mmoja wa viongozi wa njia hiyo. De Jongh mwenyewe aliwavusha watu zaidi ya 100.

Waliosaidiwa na Comet walifika mamia kadhaa, na njia zote za Ulaya Magharibi kwa pamoja ziliwatoa wanajeshi wapatao 5,000. Hizo ni hesabu za wageni. Hesabu ya wenyeji inasomeka vingine. Septemba 1941 amri ya jeshi la Ujerumani ilibandikwa kwenye kuta za Ufaransa. Mwanamume yeyote atakayewasaidia wanahewa wa adui, moja kwa moja au kwa kuzungukia, atapigwa risasi. Mwanamke atapelekwa kambi ya mateso Ujerumani. Atakayesaidia kuwakamata atapewa zawadi ya hadi faranga 10,000.

Soma tena tangazo hilo ukiikumbuka sheria niliyoieleza. Mwanahewa na mwenyeji wake wakikamatwa ndani ya chumba kimoja, mmoja ana mkataba wa Geneva, sahani ya shingoni na, mambo yakienda kama yanavyotakiwa, kitanda kambini mpaka vita viishe. Mwingine ana ukuta na bunduki. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa mwavuli alikuja na kinyume chake, na mwenyeji alijua hivyo wakati anafungua mlango.

Ndipo inapokuja sindano ya shaba. Adui alielewa kwamba njia hizi haziwezi kukatwa kwa doria, zinakatwa kutoka ndani. Alituma watu waliojifanya wanahewa walioanguka, na alinunua watu waliojifanya wasaidizi. Jacques Desoubrie alijipenyeza katika njia hizo na kuwasaliti watu wengi sana. Wenyeji walijilinda kwa maswali. Kila mgeni aliyebisha hodi aliulizwa mambo ambayo mtu wa kwao kweli asingeyakosa: michezo ya nyumbani, ndege aliyorusha, kituo alichotoka. Aliyeshindwa kujibu hakuruhusiwa kupita, kwa kuwa kumpitisha mmoja wa uongo ni kuziua nyumba 20.

De Jongh alikamatwa Januari 1943 katika nyumba ya shamba karibu na milima. Alipohojiwa alikiri kwamba yeye ndiye kiongozi, ili wengine waachwe. Wajerumani hawakuamini kwamba binti wa umri ule angeweza. Kutoamini kwao kulimwokoa na risasi. Alipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, akatoka hai. Baba yake, aliyekuwa akifanya kazi hiyohiyo, aliuawa kwa kupigwa risasi Machi 1944. Baada ya vita De Jongh alisomea uuguzi akaja bara letu. Aliwahudumia wagonjwa wa ukoma Kongo, Kameruni na Addis Ababa kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2007. Sijui kwa nini visa vya vita hutufikia na majina ya marubani, na jina hili halitufikii, ilhali miaka mingi ya maisha yake aliitumia Afrika.

Kanuni moja ya wakati huo inaonyesha kwamba hata majeshi yalijua uzito wa jambo hili. Mwanahewa aliyerudi kwa msaada wa wenyeji kwa kawaida hakurushwa tena juu ya nchi zilezile. Angeangushwa mara ya pili na kuteswa, kichwani mwake mlikuwa na nyumba, majina na nyuso. Walikuwa wamempa kitu ambacho hakuweza kukirudisha, basi akazuiwa kukipeleka.

Isidhaniwe kwamba haya yalikuwa ya Ulaya tu. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Somalia iliyokuwa chini yake ilikuwa jirani yetu wa Kiunga. Ndege za Italia ziliiangushia Malindi mabomu mwaka huohuo. Majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Kismayu Februari 1941 na kuendelea hadi Ethiopia, na juu yao walikuwa marubani wa Afrika Kusini. Tarehe 15 Machi 1941 mmoja wao, John Frost, aliangushwa alipokuwa akiushambulia uwanja wa ndege wa Dire Dawa. Mwenzake Bob Kershaw aliona, akatua palepale risasi zikivuma, katika ndege ya Hurricane yenye kiti kimoja. Frost akapanda, akakaa mapajani mwa Kershaw, wakaigawana kazi ya kuirusha: mmoja akashika usukani, mwingine akashughulikia magurudumu na mabawa ya breki. Walirudi salama. Njia hiyo, ya kuchukuliwa na wenzako kabla adui hajafika, ndiyo ambayo majeshi ya leo yanaitegemea, ila kwa helikopta na redio.

Redio imebadilisha mengi, lakini nayo ina kasoro yake. Inayomwita rafiki inamwita na adui. Scott O'Grady, Mmarekani aliyeangushwa Bosnia tarehe 2 Juni 1995, alilala kifudifudi huku wanaomtafuta wakipita karibu naye, akala majani na sisimizi, akanyonya maji ya mvua kwa sifongo. Redio yake aliitumia kwa hadhari kubwa, na alichukuliwa siku ya sita. Siku hizi mwanahewa huacha kituoni kwake habari chache ambazo yeye peke yake anazijua, ili sauti itakayoita kutoka porini iulizwe kama vile wenyeji wa Brussels walivyouliza mlangoni.

Kisa cha mwanahewa wa Kimarekani Gene Hambleton kinaonyesha hilo vizuri. Aliangushwa Vietnam Aprili 1972, akiwa na miaka 53, katikati ya jeshi la adui lililokuwa linasikiliza redio zake. Aliongozwa njia kwa kutajiwa viwanja vya gofu alivyovicheza: shimo fulani la uwanja fulani, na yeye akakumbuka linaelekea wapi na lina urefu gani, akatembea hivyo. Ni kama mtu wa Amu aambiwe tu, "Enenda kama unatoka Shela unakuja mjini." Atajua upande, na atajua kwa miguu yake ni umbali gani. Asiyewahi kuukanyaga ufuo ule hataambulia kitu. Watu 11 walikufa katika kujaribu kumtoa. Waliompata hatimaye walikuwa wawili waliopanda mto usiku kwa sampani, wamevaa kama wavuvi: Mmarekani Thomas Norris na Mvietnamu Nguyen Van Kiet. Hata pale, kwenye helikopta na mitambo yote ile, mtu wa nchi ndiye aliyekuwa ndani ya mtumbwi.

Majeshi yamejaribu kumlipa mwenyeji. Tangu miaka ya baada ya Vita vya Kwanza, marubani wa Kiingereza waliobeba hatari ya kuangukia jangwani na milimani walipewa hati iliyoandikwa kwa lugha za wenyeji: mlishe huyu, mfikishe salama, utapata zawadi. Marubani wa Marekani bado wanazibeba, kila moja na namba yake, na anayesaidia hupewa namba hiyo akadai baadaye. Ni jambo jema. Lakini fikiria ulivyo mfukoni mwako wewe, mkulima au mvuvi, ushahidi wa namna hiyo siku unapopekuliwa.

Sheria nayo imesogea, na hili halisemwi vya kutosha. Itifaki ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye mikataba ya Geneva, inakataza kumshambulia anayeshuka kwa parachuti kutoka ndege iliyopatwa na ajali, na inataka akigusa ardhi apewe nafasi ya kujisalimisha kwanza. Askari wa miavuli wanaoshuka kupigana hawamo. Kwa upande wa wenyeji, mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 unasema hakuna atakayesumbuliwa au kuhukumiwa kwa sababu ya kumuuguza majeruhi. Mkataba wa nne wa mwaka huohuo unakataza kuadhibu kijiji kwa kosa la mtu mmoja, na unaibana adhabu ya kifo katika nchi iliyokaliwa: ujasusi, hujuma nzito dhidi ya mitambo ya kijeshi, au kosa la kukusudia lililosababisha kifo. Kumficha mtu hakumo. Kwa maneno mengine, lile tangazo la kuta za Ufaransa leo lingekuwa kinyume cha sheria waziwazi. Lakini zingatia mpaka wake: kumfunga jeraha kunalindwa kabisa, kumficha hakulindwi. Mwenye nyumba bado anaweza kufungwa.

Haya yote nilimweleza ami siku nyingine, tukiwa Mkanda tena, maji yamepwa na mtumbwi umekaa juu ya tope. Nikamuuliza: kama wale wawili wa Rufiji wangetokea hapa, wametapakaa matope, hawajanywa maji siku tatu, na Wajerumani wako ng'ambo wanawatafuta, angefanyaje?

"Maji ningewapa," alisema papo hapo.

"Na kuwaficha?"

Hapo hakujibu upesi. Alichomoa kijiti cha mkandaa kilichokwama chini ya mtumbwi, akakitazama.

"Nyumbani muna nani siku hiyo? Watoto wangapi, wakubwa kiasi gani? Jirani ni nani? Na huyo wa ng'ambo anajua kwamba mtumbwi wangu huwa hapa?"

Maji yalianza kurudi kidogo kidogo kutoka upande wa Manda. Alikuwa bado anayahesabu.